Tulimpaka Uwanja

Wasikilizaji wapendwa, kama uko na sufuria jikoni, punguza moto kwanza, usogee karibu na redio. Jioni hii tunamkumbuka Ondiek Ochola, winga wa kushoto, mtoto wa Noonkopir pale Kitengela. Ondiek Ochola, aliyetuacha akiwa na miaka thelathini na moja tu. Mimi ni Rahab. Mkewe, Nelima, ndiye aliyeniomba nisome kumbukumbu hii leo, isingoje kesho. Mtajua kwa nini.

Turudi mwaka wa 1991. Uwanja wa Noonkopir ulikuwa wa kila mtu. Asubuhi ng'ombe wa kina Sironka walisimama pale wakingoja mnada. Mchana watu walijifunza kuendesha gari. Wiki ya mkutano wa injili, milingoti ya goli iling'olewa ikaenda kushikilia spika. Mpira ulipata zamu yake jioni, samadi ikiwa bado mbichi. Mistari ilichorwa kwa majivu, na nyasi tulizisikia tu kwa matangazo ya redio.

Nelima alikuwa msichana wa darasa la nane, na kazi yake aliyojipa ni kusimama nyuma ya goli na kumchambua kila mchezaji. Sironka, kipa, alimwogopa kuliko mshambuliaji yeyote. Ondiek hakumwogopa. Alimwoa.

Sasa sikilizeni jambo hili vizuri. Wachezaji wa pale walikuwa na dawa yao. Ukichubuka, unachota vumbi la langoni, unasugua kwenye kidonda, damu inakauka, unarudi kucheza. Wenyewe waliita kupaka uwanja. "Jipake uwanja, rudi ndani," ndivyo walivyoambiana. Asiyepaka alihesabiwa mgeni.

"Niliona watu wakipaka miaka yote hiyo," Nelima aliniambia. "Hakuna mtu alikufa. Ndio maana sikuogopa."

Ondiek alipanda. Mwaka wa 1994 aliitwa timu ya wilaya, akacheza Kajiado mjini. Mwaka wa 1997 klabu moja ya ligi ikamchukua. Mpira ukawa kazi yake. Alimwoa Nelima, wakapata binti, Cindy. Lakini Jumapili akipata nafasi, alirudi Noonkopir kucheza na wale wale. Hakuwa na maringo, huyo.

Ikafika mwaka wa 2006, mwezi wa nane. Klabu yake ilienda nchi jirani kucheza kwenye uwanja wa nyasi bandia. Wachezaji wanauita kapeti. Kwa Ondiek ilikuwa mara ya kwanza. Alipoteleza kuokoa mpira, kapeti ilimla ngozi ya paja, kidonda kipana kama kiganja. Daktari wa timu akakisafisha, akamwambia akifika nyumbani aende hospitali achomwe sindano ya pepopunda.

Siku hiyo hiyo, mgeni mmoja aliyekuwa jukwaani akitafutia klabu za ng'ambo wachezaji alimtaka aende huko kwa majaribio. Baada ya wiki tatu tu, aondoke. Ondiek alikuwa na miaka thelathini na moja, na winga wa umri huo haitwi mara mbili.

Alipofika nyumbani, Nelima alimuuliza kuhusu sindano.

"Huu ni mkwaruzo tu, mama Cindy. Nikienda kuchomwa, itaandikwa. Ikiandikwa, kocha atasoma niko na injury. Hiyo safari watampea mwingine."

Nelima hakubishana. Anasema hapo ndipo alipokosea mara ya kwanza.

Jumapili iliyofuata walienda Noonkopir. Habari za kapeti zilikuwa zimemtangulia. Sironka, ambaye siku hizi ni mfanyabiashara wa ng'ombe na bado kipa, alimsalimu kwa Kimaasai, kwa utani.

"Sopa, mtu wa kapeti. Leo utatuomba tukuoshee uwanja kwanza?"

Watu wakacheka. Ondiek pia alicheka, lakini Nelima aliona utani umemgusa. Dakika chache baada ya mpira kuanza alianguka, na kile kidonda cha paja kikafunguka upya. Wakamzunguka wakingoja kuona mtu wa kapeti atafanya nini. Ondiek akamwangalia mkewe pale nyuma ya goli, akasema, "Nipee."

Nelima akainama. Akachota vumbi la langoni, pale ambapo ng'ombe walikuwa wamesimama asubuhi, akampa. Ondiek akasugua paja mbele ya wote. Wakampigia makofi. Alikuwa bado wao.

Siku nane zikapita, hakuna kitu. Siku ya tisa alishindwa kutafuna githeri. Akasema ni jino, akameza dawa ya maumivu. Kesho yake asubuhi Cindy alimtazama mezani akauliza, "Baba, unachekea nini?"

Ondiek hakuwa anacheka. Midomo ilikuwa imevutika yenyewe, na hakuweza kuirudisha. Kikombe kikamponyoka Nelima mkononi, na kilipogonga sakafu, mgongo wa mumewe ukapinda nyuma kwa mshtuko, kichwa kikagonga kiti.

Hospitalini daktari alimuuliza, "Kidonda kilipakwa nini?"

"Uwanja," Nelima akajibu.

"Nakuuliza kilipakwa nini, si aliumia wapi."

"Uwanja, daktari. Tulimpaka uwanja."

Ilibidi aeleze. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akaandika neno moja, pepopunda. Walimweka Ondiek kwenye chumba chenye mapazia mazito, kwa sababu hata mlango ukifungwa kwa nguvu mwili wake ulikuwa unakaza. Alikaa humo siku kumi na moja. Siku ile ndege aliyopaswa kupanda iliondoka, yeye alikuwa bado anapumua. Alifariki siku mbili baadaye.

Tulimzika kwao Ugenya, Jumamosi ya wiki iliyopita. Kwa Nelima, kwa Cindy, kwa mama mzazi wa Ondiek na ukoo wote wa Ochola, poleni sana. Tumeumia pamoja nanyi, na tunamwomba Mungu awashike.

Lakini, wasikilizaji wapendwa, pale mazishini hakuna aliyetaja ugonjwa. Wazee walisema yasisemwe. Basi watu wakajitungia, kwamba ni wivu wa safari, kwamba alitupiwa kitu. Nelima alinyamaza, kwa sababu kila akifungua mdomo aliona mkono wake ukichota.

Kisha Jumapili hii iliyopita, wachezaji wa Noonkopir walicheza mechi ya kumkumbuka. Nelima hakuwepo. Sironka alimpigia simu jioni kumweleza, ili afurahi. Alisema kabla ya kuanza walipiga foleni langoni, na kila aliyekuwa na mchubuko wa zamani aliukwaruza mpaka ukatoa damu, akapaka uwanja, kwa heshima ya Ondiek.

Walikuwa kumi na wanne. Tangu siku ile Nelima anawatafuta, nyumba kwa nyumba. Sironka amechomwa sindano ya pepopunda. Wengine wanane pia. Watano hawajapatikana, wawili walirudi Kiserian kazini, na watatu hatujui walipo.

Leo ni siku ya nne. Kama ulikuwa kwenye ile foleni, usingoje dalili. Kama uko na mmoja wao hapo nyumbani, mwangalie paja, mwangalie goti, na umpeleke hospitali sasa hivi. Nelima yuko hapa studioni na mimi, ameshika simu.