Punje Nyekundu za Bi Delphia

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mkae. Leo tunamkumbuka Bi Delphia Stallard, mwenye duka la njiapanda ya Harlow Fork. Bi Delphia ametutoka. Tulimzika Jumamosi, kule kilimani, kando ya mdogo wake Hobart. Wengi wenu mlikuwepo, na mliona jinsi ukungu ulivyokataa kuondoka mpaka jeneza liliposhuka.

Mnamjua kwa kahawa yake, ambayo, marehemu anisamehe, ilikuwa chungu kama dawa ya minyoo. Mnamjua kwa mikate yake ya moto yenye nyama ya nguruwe ya chumvi. Lakini zaidi mnamjua kwa zile chupa nne.

Kwa aliyefungua redio sasa hivi, nieleze. Hapa Virginia tunamchagua gavana mwaka mmoja tu baada ya nchi nzima kumchagua rais. Rais hajakaa vizuri kitini, sisi tumeshapanga foleni tena. Basi kila msimu huo Bi Delphia aliweka chupa nne za kioo juu ya kaunta. Mbili za wagombea ugavana. Mbili za rais: moja imeandikwa Tumeridhika, nyingine Tumechoka. Kila mteja alipewa punje mbili za mahindi meupe. Moja ya gavana, moja ya rais.

Na kila msimu mambo yalikuwa yaleyale. Chupa ya Tumechoka ikijaa, mgombea wa chama cha rais anaambulia punje chache za huruma. Na kura halisi zilifuata punje, hata waandishi wa magazeti walikuja na kamera zao kumwuliza siri yake.

"Siri gani?" aliwajibu. "Mimi natazama mikono ya watu tu."

Kweli aliitazama. Aliitazama mpaka wateja wakaona haya. Thurman Ogle, fundi wetu wa matrekta, anakumbuka asubuhi moja aliposimama pale na punje zake kiganjani.

"Bi Delphia, huyu mgombea hana neno. Ila rais wake ndiye amenichosha. Sasa nifanyeje?"

"Umepewa punje mbili, Thurman. Kila mtu na yake."

"Aa, mimi namwangusha huyu huyu. Rais apate habari."

"Na huyu amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu. Kwanza anaitwa nani vile?"

Duka zima lilicheka. Bi Delphia hakucheka. Thurman anasema alimtazama kama mtu aliyeona mgeni nyuma ya bega lake.

Wasikilizaji wapendwa, ili mwelewe macho yale, turudi kwa Hobart. Hobart Stallard alikuwa mwalimu na mkulima, mtu wa bonde hili hili. Aligombea ugavana. Ndiyo, ugavana, mtu wa Harlow Fork! Alizunguka jimbo zima na gari lililofungwa mlango kwa kamba. Aliahidi zahanati kila bonde, na aliyemjua alijua angezijenga. Lakini alikuwa wa chama cha rais, na rais yule alikuwa amepeleka vijana wetu vitani. Hobart akaangushwa jimbo zima. Akaangushwa hata hapa nyumbani, kwenye kituo chetu cha zimamoto tunapopigia kura, mbele ya sufuria kubwa la mchuzi alilolikoroga yeye mwenyewe tangu alfajiri.

Hakulalamika. Aliwashukuru watu, akarudi shambani kwake. Majira ya baridi yalipoingia wakamkuta ameketi katikati ya mistari ya mahindi ambayo hakuyavuna, mgongo umeegemea mabua, amekufa. Mahindi yale yalikuwa mekundu, rangi ya damu iliyoganda. Bondeni humu hakuna mwingine aliyeyapanda. Bi Delphia aliyachoma yote, magunzi na mbegu. Hakubakiza hata punje moja.

Msimu wa gavana uliofuata ndipo alipoweka zile chupa. Jioni, kura zilipofungwa, akazimimina kwenye sinia. Ndani ya Tumechoka, chini kabisa, akakuta punje moja nyekundu. Kwenye chupa ya mgombea wa chama cha rais, chini kabisa, nyingine nyekundu. Zilikuwa chini ya zote, kana kwamba aliyezitia alifika kabla duka halijafunguliwa.

Mnanielewa? Mtu mmoja alikuwa amemchoka rais, na bado akampa mgombea wa chama chake punje ya ugavana. Mtu mmoja tu katika bonde zima. Na msimu uliofuata, hivyo hivyo. Na uliofuata.

Nilimwuliza Verna, binti wa Hobart, aliyemlea shangazi yake uzeeni. Nilimwuliza kwa adabu kama si yeye mwenye mchezo huo.

"Ndugu mtangazaji," akaniambia, "mbegu ya baba ningeitoa wapi? Mimi kwenye hizo chupa nilikuwa hata sisogei. Zilikuwa za baridi hata pembeni ya jiko."

Mimi si mtu wa mizimu. Lakini nakiri kwamba kahawa yangu msimu wa gavana nilikuwa nainunua kwingine.

Sasa tufike Novemba hii. Bi Delphia alikuwa kitandani, chumba cha nyuma ya duka. Verna akamletea sinia. Mzee akachambua punje kwa vidole vyake, taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili. Zote nyeupe. Hakukuwa na nyekundu hata moja. Verna alidhani atafurahi. Bi Delphia akalisukuma sinia.

"Amechoka kuningoja," akasema.

"Nani, shangazi?"

"Baba yako. Kaa hapa, Verna. Kaa, nikuambie kabla sijaenda kuonana naye."

Akamwambia. Mwaka ule wa Hobart, barua ya jeshi ilikuwa imemjia Bi Delphia: Lowell, mwanawe wa pekee, ameuawa vitani. Lowell huyo ana jiwe tu kilimani, mwili haukurudi. Bi Delphia aliingia kwenye kibanda cha kura akavuta pazia. Akaliona jina la mdogo wake. Akampigia kura mpinzani wake.

"Rais alikuwa mbali, mwanangu. Mkono wangu haumfikii. Hobart ndiye aliyekuwa karibu. Nikatoka nje, akanichotea mchuzi, akanichagulia mnofu. Nikaula."

Verna akaliweka sinia chini. Alikuwa mtoto mdogo walipomtoa baba yake shambani. Kisha akamshika mkono.

"Baba alijua," akasema. "Alimwambia mama jioni ile ile. Alisema, 'Dada kaninyima kura leo, nimeiona usoni mwake. Na mimi ningekuwa yeye ningefanya vilevile.'"

Miaka yote ile, wasikilizaji wapendwa, Bi Delphia alitazama mikono yetu akitafuta mtu mmoja aliyeweza kufanya kile alichoshindwa yeye. Hakumpata. Sote tulikuwa Thurman. Siku ya tatu akafariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa Verna.

Verna aliziosha chupa mwenyewe. Akazikausha, akazifunga vifuniko, akazipanga kabatini. Jumapili, baada ya mazishi, akafungua kabati kutafuta vikombe vya wageni. Kwenye chupa ya mgombea wa chama cha rais, kifuniko kikiwa kimefungwa vilevile, palikuwa na punje mbili nyekundu, zimelala pamoja kama kaka na dada.

Anasema hakuogopa. Alizichukua akazipeleka kilimani, akazifukia kati ya kaburi la baba yake na la shangazi yake.

Kwa Verna na ukoo wote wa Stallard, poleni sana. Bonde zima linalia nanyi. Na wewe unayenisikiliza, msimu utakapofika tena, ukishavuta pazia la kibanda, hasira yako ni haki yako. Lakini lisome jina lililo mbele yako. Lisome lote, mpaka mwisho. Huenda ni la mtu anayekungoja nje na bakuli la mchuzi.