Mzee Hasani Uwesu, Aliyezibania Herufi Nzito

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu na majirani, poleni. Nitasoma polepole, maana marehemu hakupenda msomaji anayekimbizana na karatasi.

Marehemu Mzee Hasani Uwesu alizaliwa Kondoa tarehe 3 Machi 1938. Alianzia chuo cha Kurani, akaenda shule hadi darasa la nane mwaka 1954. Akiwa mdogo aliandika kwa mkaa juu ya vyungu vya mama yake: CHUMVI, MAGADI. Alichapwa kwa kuchafua vyungu, lakini magadi hayakuingia tena kwenye chai.

Mwaka 1960 aliajiriwa karani mpiga chapa hapa Dodoma. Mwaka 1964 alimuoa Bi Mwanne, mama yetu, ambaye anasema hata barua ya posa ilikuwa na vichwa vidogo vidogo: Nia Yangu, Kazi Yangu, Ahadi Yangu. "Nilicheka weee, halafu nikakubali," anasema mama.

Mwaka 1993 alipunguzwa kazi. Hakununa. Alifungua chumba cha kupiga chapa Chang'ombe, na 1995 akanunua kompyuta ya mtumba. Mashine za kusaga zilikuwa zinaingia nchini kila kukicha, na wauzaji walimletea kazi ya vitabu vya maelekezo. Kabla ya kupamba ukurasa, aliandika pembeni ya kila mstari kazi yake: hatua, kifaa, onyo. "Kwanza tumjue ni nani, ndipo tumvishe," alikuwa akisema. Herufi nzito alizibania kama sukari ya mgawo. Zilikuwa za onyo tu, lile ambalo mtu akiliruka anaumia.

Agosti 1996 alikuwa Kondoa msibani wiki nzima. Huku nyuma mteja akataka kitabu "kipendeze", kikatoka ofisini karibu kila mstari umekolezwa kwa herufi nzito. Onyo la kuzima injini kabla ya kufungua kifuniko likamezwa humo humo. Mzee Petro wa Hombolo alikisoma chote, akafungua kifuniko mashine ikizunguka. Vidole viwili vikaenda. Marehemu alimfuata siku ile ile aliyosikia, akamwambia, "Kosa ni la ofisi yangu, na ofisi ni mimi." Kisha akazunguka kijiji kwa kijiji kukusanya vitabu vile, akavichapa upya. Jambo hili nitalirudia kabla sijakaa.

Kisukari kilimwanza 1997. Alilazwa tarehe 28 Agosti mwaka huu, na akafariki jana, Jumanne, 14 Septemba 1999, saa nne asubuhi. Tunawashukuru sana wauguzi, na majirani waliotupikia bila kuombwa. Asante Mzee Petro, uliyemletea zabibu kila wiki. Daktari alimkataza kuzila, basi akawa anazinusa na kucheka.

Ameacha mjane, watoto watatu, Abdulnasiri, Shamimu na Yusra, na wajukuu wanne.

Siku ile aliporudi kutoka Hombolo, baba aliniambia, "Nasiri, utasema mwenyewe siku ukiwa tayari." Miaka mitatu hakunikumbusha hata mara moja. Karatasi mliyoshika ina mstari mmoja tu wa herufi nzito:

Aliyekikoleza kitabu kile ni mimi, Abdulnasiri. Baba hakuwepo.

Mzee Petro, nisamehe. Baba, asante kwa kunisubiri. Mola akurehemu, na kaburi lako liwe pana na lenye nuru.