Shubiri Aliandika Ishirini

Hapana. Karatasi ya meneja wa ghala haisomwi kwenye maziko ya mjukuu wangu, na wewe mwanangu mkubwa ukinikatiza tena nitawaambia waombolezaji ulikojoa kitandani mpaka darasa la ngapi. Meneja kaandika kwamba marehemu "alikisia kimakosa paleti ishirini na moja". Marehemu hakukisia. Alipima, akaandika ishirini. Dada yake ndiye mwenye kalamu hapa, maana mimi shule niliiona kwa nje tu. Andika, mama, kama ninavyosema.

"Mama, nani atakuamini?" anasema mwanangu huyo, baba mkubwa wa marehemu. "Si wewe uliyetuambia ulimfunga mamba mdomo kwa kitambaa cha kichwa?"

Ya mamba niliwadanganya, nanyi mkalala mnacheka. Hii sidanganyi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1986, saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Baba yake alikwenda kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta. Nikamlea mimi. Wajukuu walikuwa saba, kitanda kimoja cha futi nne, na kila siku ugomvi. Akiwa na miaka sita, alikipima kitanda kwa shubiri, akawapima wenzake mabega, akawalaza mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule. Wakaenea wote, ikabaki nafasi ya shubiri moja. Nikamuuliza hiyo ni ya nini. "Ya kupumulia, bibi." Ndipo akaitwa Shubiri. Kwa majirani huwa nasema walikuwa kumi na wawili na mbuzi juu, lakini leo ni maziko: walikuwa saba.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko kuanzia 1993 hadi 1999, kisha sekondari hadi kidato cha pili, akaacha mwaka 2001 miguu yangu ilipokataa kutembea. Kwenye hesabu alikuwa wa kwanza. Kwenye insha alikuwa wa mwisho, maana hakujua kutia chumvi. Hilo hakulirithi kwangu.

Tarehe 3 Februari 2005 aliajiriwa kwenye ghala la mizigo. Mzigo hupangwa juu ya paleti, yale majukwaa ya mbao, halafu paleti huingizwa kwenye kontena. Kazi yake ilikuwa kusema zitaingia ngapi kabla hata moja haijanyanyuliwa. Mwaka wa kwanza aliumbuka. Alipima ndani ya kontena mpaka darini, akasahau kwamba mlango ni mfupi kuliko dari, na mzigo wa juu ukagoma kupita mbele ya watu wazima wanaocheka. Alirudi nyumbani akapima milango yetu yote, hata wa choo. Tangu siku hiyo alikuwa na desturi moja: akishapima, anaandika idadi kwa chaki kwenye mlango wa kushoto, upande wa ndani, ili mtu yeyote asiusahau mlango, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Tarehe 17 Desemba 2011 alimwoa mshonaji wa magunia wa ghala lile lile. Alimposa akiwa na tepu mfukoni, na kabla hajaketi alikuwa ameshapima kama kabati lao litapita ukumbini. Walijaliwa binti wawili. Huyu mkubwa, wa darasa la tano, juzi kaulizwa na wenzake: "Baba yako kafa kwa kutojua kuhesabu?" Amerudi nyumbani hajala. Ndiyo maana sinyamazi, mwanangu. Meneja atasahau wiki ijayo. Mtoto huyu atalibeba mpaka uzeeni.

Jumanne tarehe 5 Machi 2024 walikuwa wanapakia mbolea. Kwenye karatasi, kontena la futi arobaini huingia paleti ishirini na moja. Lakini magunia ya mbolea huvimba, yakatokeza nje ya mbao kiganja kizima kila upande. Marehemu alizunguka mzigo, akapima matumbo ya magunia, akaandika ishirini. Meneja akaamuru ya ishirini na moja isukumwe. Ikasukumwa. Mlango haukufungika. "Wewe si ndiye fundi? Ingia uipangue," akaambiwa. Akaingia kati ya mzigo na mlango. Paleti ikamlalia. Tani nzima.

Aliishi siku kumi na moja wodini. Kiunoni kwenda chini hakusikia kitu. Kifuani alisikia kila kitu. Nilimsimulia habari za mamba akanikataza, kicheko kilimuumiza mbavu. Siku ya tisa alinishika mkono akasema, "Bibi, niliandika ishirini." Kontena lilikuwa limeshaoshwa na kuondoka. Alifariki Jumamosi tarehe 16 Machi 2024, saa kumi na mbili asubuhi.

"Basi hakuna aliyeiona hiyo chaki," anasema baba mkubwa.

Yupo mmoja. Dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia paleti, ndiye aliyeisukuma ya ishirini na moja. Hajaja kutupa pole hata siku moja. Simlaumu, naye ana watoto na meneja ni yule yule.

Marehemu ameacha mjane, binti wawili, dada mmoja, baba mkubwa mbishi, na bibi ambaye ndiye alistahili kutangulia. Wachimbaji nimewaambia kaburi lizidi shubiri moja kila upande. Shubiri, mjukuu wangu, lala kwa nafasi, pumua...

"Mama, hilo la chaki lifute. Meneja atakuja na watu wake, sisi tutasema nini? Hatuna shahidi, tuna maneno ya—"

Nyamaza. Nani huyo mlangoni? Karibu ndani, baba, vua tu viatu. Mpisheni.

Hajavua viatu. Kavua kofia. Hakusalimia mtu, kamtazama yule mtoto wa darasa la tano, kasema neno moja. Liandike, mama, kabla baba yako mkubwa hajafumbua mdomo:

"Ishirini."