Redio ya Pili kwa Kilima cha Ilembwe

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Mpanda, sisi wakazi wa kijiji cha Ilembwe tunakupokea kwa mikono miwili. Tumeona matope kwenye gari lako, basi habari za barabara hatutazisema, umejionea mwenyewe.

HISTORIA YA SIMU YA UPEPO

Redio hii ya kuongea na hospitali ya Mpanda tuliletewa na mapadre mwaka 1996, ikafungwa sebuleni kwa Mama Vénérande, muuguzi wetu, maana nyumba yake inapakana na zahanati. Kumbe kilima kimekaa katikati yetu na Mpanda. Mama aliita hospitali wiki nzima, akajibiwa na mvumo mtupu.

Osward, fundi wetu wa baiskeli, akasema dawa ni kupandisha antena kileleni na kuvuta waya hadi sebuleni. Tukachanga nyaya za kila aina, tukaunga mita mia nne. Siku ya kujaribu, watu walijaa uani. Hata ule mvumo haukusikika. Waya mrefu ulikuwa umekula nguvu yote njiani.

"Osward, waya wako una njaa kuliko nyie mlioufunga," Mama alisema, akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akakitazama kilima. "Basi nitaipeleka redio kwenye antena yake."

MAFANIKIO

Tulijenga kibanda kileleni na Mpanda ikasikika vizuri kabisa. Mvua hizi za El Nino zilipofunga barabara, wagonjwa kumi na mmoja walitibiwa hapa kwa maelekezo ya daktari. Tunajivuna, na hatufichi.

MATATIZO

Mgonjwa yuko chini, redio iko juu. Daktari akiuliza mapigo ya moyo, Mama hushuka kupima, kisha hupanda kujibu. Tulijaribu kumtuma mtu mwingine. Daktari alipouliza swali la pili, mjumbe wetu akaanza kumsalimia upya. Mama ana miaka hamsini na sita. Halalamiki, ila mumewe, Mzee Didace, humkanda magoti kwa maji ya moto kila jioni.

OMBI

Tunaomba redio ya pili. Fundi mitambo mmoja alitueleza kwamba hii ya kwanza ikirudi sebuleni na ya pili ikifungwa kileleni, ya pili itapokea sauti kutoka sebuleni na kuisukuma yenyewe hadi Mpanda. Kibanda kipo, na wabebaji tupo.

Mgeni rasmi, jana Mama Vénérande aliisoma risala hii, akafuta aya moja. "Nyie, msimharibie mgeni siku yake," alisema. Ilikuwa aya ya Hana, mkwe wa Mzee Kashinje, aliyejifungua mwezi wa tatu mwaka huu, akaanza kutokwa na damu nyingi. Mama alipanda kuuliza, akapata jibu, akashuka mbio mpaka akapoteza kiatu. Alikuta Hana ameshafunikwa shuka. Akakaa mlangoni, akayasema maelekezo ya daktari taratibu, moja baada ya jingine, mpaka mwisho.

Mama, tunakuona hapo mstari wa mbele. Utusamehe, aya yako tumeirudisha.

Mgeni rasmi, Mungu akuvushe mto salama, na ombi letu alivushe pamoja nawe.

Ni sisi,
Wakazi wa Kijiji cha Ilembwe
Mei 1998