Mama Kitufe, Aliyezisoma Barua Zake Mwenyewe

Ndugu, majirani, na ninyi wa kazini mliojaa mpaka nje, familia imemteua mdogo wake wa kumfuata, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu na karatasi mkononi, awasomee safari ya dada yake, ambaye nyumbani tulimwita Dada na kazini mlimwita Mama Kitufe, jina ambalo mwanzoni alilinunia, baadaye akawa anajitambulisha nalo hata kwenye simu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa fundi cherehani na karani wa stoo. Alianza shule ya msingi Januari 1978, akamaliza mwaka 1984, akaendelea na sekondari mpaka Novemba 1988, na walimu wake walikuwa wakisema mtoto huyu habishi ila anapokuwa na haki, na kwa bahati mbaya yao alikuwa na haki karibu kila siku.

Mwaka 1989 presha ya macho ilimwondolea uwezo wa kuona, jicho la kushoto mwezi Februari, la kulia mwezi Septemba. Tarehe 3 Mei 1990 ikaja barua ya daktari bingwa, wazazi wakiwa kazini, akaisoma mdogo wake, wakati huo ana miaka kumi na sita, akafika kwenye mstari uliosema kwamba uwezo wa kuona hautarudi hata kwa upasuaji, akauruka mstari huo, akaendelea na habari za dawa ya matone na salamu za kumtakia heri. Dada yake akangoja upasuaji mwaka mmoja na miezi saba, akakataa kwenda kujifunza nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole, kwa kuwa ataona karibuni, mpaka tarehe 9 Desemba 1991, daktari alipomweleza ana kwa ana, akishangaa kwamba hakuwa amepata barua. Alirudi nyumbani, hakulia, hakugombana, alimwambia tu mdogo wake, ulinionea huruma, sawa, lakini barua ilikuwa yangu, na tangu siku hiyo hakumpa tena amsomee hata karatasi ya dawa. Anayewasomea anakiri hili hadharani kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyofuata, na wahenga walisema majuto ni mjukuu, basi mjukuu huyu sasa amefikia umri wa kuoa.

Alisoma shule ya wasioona mwaka 1992 na 1993, akajifunza nukta nundu na kupiga chapa, na tarehe 1 Machi 1994 akaajiriwa kuwa opereta wa simu katika idara ya maji, kazi ya kutukanwa na watu wenye mabomba makavu, naye akaifanya kwa sauti tamu ajabu. Huko ndiko alikompata mumewe, fundi redio, aliyepiga simu kila asubuhi kulalamika kwamba maji hayatoki, na maji yalipotoka akaendelea kupiga kulalamika kwamba yanatoka kwa kasi mno, mpaka opereta akamwambia, kaka, sema shida yako. Walifunga ndoa tarehe 22 Novemba 1997, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1999, ambaye ni mwalimu, na mwana aliyezaliwa mwaka 2003, ambaye ni fundi umeme kama mnavyomwona pale na vipaza sauti.

Mwaka 2007 idara ilileta mashine ya kupokea simu, naye akabaki bila kazi. Badala ya kukaa kitako, alikwenda kujifunza kompyuta yenye programu ya kusoma skrini, ile inayotamka kwa sauti kilichoandikwa, na kwa mara ya kwanza tangu macho yafunge akasoma gazeti zima peke yake, akatoka nje kumtangazia jirani habari ambazo jirani alishazisikia jana. Furaha hiyo ilikuwa na mwiba. Kurasa nyingi za mtandao hazikuwa zimeandikwa kwa ajili ya sikio, vitufe vya kubofya havikupewa majina, na sauti ikawa inamwambia kitufe, kitufe, kitufe, bila kusema kipi ni cha kutuma na kipi ni cha kufuta.

Aliposikia kwamba kampuni moja inayotengeneza kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa hizo, inatafuta wafanyakazi, alijaza fomu yao ya mtandaoni, mwishoni akaambiwa anakili herufi zilizopindapinda ndani ya picha ili athibitishe kwamba yeye si mashine, picha ambayo programu yake haikuweza kuisoma. Aliwapigia simu kila siku ya kazi, saa mbili kamili asubuhi, kwa siku kumi na tatu, akiwaeleza kwa sauti ileile tamu kwamba yeye si mashine, mpaka mhandisi mmoja akachoka akamwambia mama, njoo utuonyeshe. Alikwenda tarehe 6 Oktoba 2008, akaajiriwa tarehe 3 Novemba, na kwa miaka kumi na mitano hakuna toleo jipya la kivinjari hicho lililotoka kabla ya kupita kwenye masikio yake.

Ni yeye aliyeanzisha ile saa moja ya kila Jumatano, wahandisi wote wanazima skrini, wanachomoa kipanya, wanavaa vipokea sauti na kufanya kazi kwa kusikia tu. Mkuu wa kitengo, ambaye yupo hapa na ametupa ruhusa tuseme, aliapa kwamba ukurasa wao wa maombi ya likizo hauna kasoro, akajaribu kuomba siku tatu za kupumzika, akaibuka ameomba likizo ya uzazi, na ombi likakubaliwa. Mama Kitufe alicheka mpaka akakohoa, kisha akamwambia kwa upole, mimi, mkuu, hivi ndivyo ninavyoishi.

Mwaka 2019 hospitali yetu ya rufaa ilianza kuweka majibu ya vipimo mtandaoni, katika ukurasa usiosomeka kwa sikio, na rafiki yake mmoja asiyeona, msusi wa viti, akalazimika kumpa jirani neno lake la siri amsomee, jua lilipozama mtaa mzima ukawa unajua anaumwa nini. Mama Kitufe aliwaka. Aliiandikia hospitali, ikamjibu kwamba atumie ndugu wa kumsomea, naye akajibu kwamba ndugu anao na anawajua. Aliandika barua kumi na nne, hatimaye mafundi wa hospitali wakakubali kuja kukaa gizani Jumatano moja, wakatoka wamenywea, na tarehe 17 Mei 2022 ukurasa mpya ukafunguliwa.

Maumivu ya tumbo yalimwanza Septemba 2023, alipimwa tarehe 8 Januari 2024, na majibu yakatoka Jumatatu tarehe 15, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akayasoma peke yake jikoni, vipokea sauti masikioni, mumewe akiwa ananyoa ndevu bafuni. Yalisema ni saratani ya kongosho, na imesambaa. Alifunga kompyuta, akanywa chai, akaenda kazini, akafanya kazi mpaka Alhamisi, na Ijumaa tarehe 19 ndipo akatukusanya sebuleni akatuambia yote. Mdogo wake alimjia juu, akamuuliza kwa uchungu iweje akae na jambo zito hivyo siku nne nzima bila kumwambia mtu. Dada alimjibu bila hasira kwamba siku hizo nne zilikuwa zake, kwamba tangu mwaka 1989 hiyo ndiyo ilikuwa habari ya kwanza ya mwili wake aliyoijua kabla yetu sote, akaona asiigawe haraka. Aliyeuliza alitamani ardhi impasukie.

Mwezi Julai vidole viliishiwa nguvu, akashindwa kutumia kompyuta, ndipo alipomwomba mdogo wake amsomee ujumbe wa watu, akilalamika kwamba anasoma polepole kuliko mashine. Siku moja ukaingia ujumbe wa ofisini kwamba toleo jipya limeharibu usomaji wa fomu, msomaji akasita, mgonjwa amechoka, habari ya nini kumsumbua, kisha akausoma wote, na mgonjwa akadai mto wa pili wa kuegemea, akatamka jibu la kurasa mbili. Alifariki Ijumaa tarehe 2 Agosti 2024, saa tisa alasiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliozungumza naye mwenyewe, si na sisi juu ya kichwa chake, tunawashukuru majirani kwa uji, usafiri na kukesha naye, na ninyi wa kazini, ambao Jumatano hii, hata kabla ya mazishi, mlizima skrini. Shukrani ya pekee iwaendee wale mafundi wa ukurasa wa hospitali, ambao hatuwajui kwa sura, kwa kumpa dada yetu asubuhi ile jikoni, kwa maana sisi tuliompenda hatukuwahi kumpa.

Dada, pumzika kwa amani.