Nani Alimweka Golikipa Mbele

Benchi letu la Rahaleo, hapa Mtwara, ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, mbele ya ukuta wa ofisi ya klabu ya Ngisi. Nasema "letu" kwa makusudi, maana wanaolikalia hawapendi nikisema hivyo. Ni watatu. Mzee Shaibu alikuwa mshika kibendera. Wanamwita Kipenga ingawa hakuwahi kukabidhiwa filimbi. Asadi ni fundi baiskeli, jina lake Dakika Tisini, kwa sababu hakubali kwamba kuna mechi iliyokwisha. Mikaeli wa bandarini ndiye Winchi: ananyanyua hoja nzito na kuiangusha popote. Mwaka huo wa 2006 klabu ilitimiza miaka ishirini, uongozi ukaamua makocha wa zamani wachorwe ukutani. Makocha walikuwa watatu. Benchi likaamua wachorwe wawili. Wa tatu, Mwalimu Erasto, ndiye aliyekuwepo timu iliposhuka daraja mwaka 2001. Ni baba yangu. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka Chuo Kikuu cha Mlimani, nikaenda kukaa pale bila kukaribishwa.

— Shikamoo, Mzee Kipenga.

— Marahaba, binti Erasto. Pita salama.

— Sipiti. Nimekuja kukaa.

Winchi akasogea kidogo, si kwa heshima, ni kukiokoa kikombe chake.

— Haya msomi, sema lako, mchoraji yuko njiani.

— Langu fupi. Kwa nini baba yangu hachorwi?

— Alitushusha, akasema Kipenga. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mwaka ule tulifungwa bao moja moja, moja moja, mpaka kibaba kikajaa.

— Methali hiyo ni ya kuweka akiba, Mzee.

— Na sisi tuliiweka. Tulimwekea yeye.

Dakika Tisini akacheka, akapangusa grisi mikononi.

— Kocha alikuwa yule wa kwanza, Mjerumani, bwana. Mjerumani akikohoa mara moja tu, beki inapanda.

— Alikuwa na pumu, nikasema.

— Pumu yenye mpango.

— Na yule wa pili, Mapafu, je? Winchi akadakia. Aliwakimbiza mchangani kule Shangani tangu alfajiri. Wachezaji walikuwa na pumzi mpaka refa ndiye anaomba mapumziko.

— Misimu mitatu ya Mapafu tulimaliza wa pili kutoka mkiani.

— Wa pili kutoka mkiani si mkia. Hata ng'ombe anajua hilo.

— Halafu wote wawili walikuwa na adabu, akasema Kipenga. Walikunywa.

Hapo ndipo penye kiini cha benchi hili. Kila Ijumaa kabla ya mechi, watu wakishatoka msikitini, benchi lilikuwa linapanga kikosi. Majina kumi na moja, kwa mdomo tu. Muuza kahawa aliyabeba kichwani, na mkononi akabeba kikombe kimoja, akavipeleka nyumbani kwa kocha. Kocha akinywa, amekubali kikosi. Mjerumani alikunywa miaka yake yote. Mapafu alikunywa akaulizia na kashata. Baba yangu, mwalimu wa hesabu aliyehamishiwa Mtwara kutoka Iringa, alikirudisha kikombe kimejaa, wiki baada ya wiki, pamoja na salamu zake.

— Dharau, akasema Kipenga. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Aliyevunjika guu ni winga wetu.

— Guu ni guu, mwanangu. Wahenga hawakutaja la nani.

— Mimi sisemi dharau, akasema Winchi. Nasema damu. Mtu wa Iringa damu yake imezoea baridi. Huku pwani inachemka, mvuke unapanda kichwani. Mvuke ndio ulikuwa unafundisha mpira, si yeye.

— Ubao wake je? akauliza Dakika Tisini. Anachora mbinu kwa chaki nyeupe, mchana kweupe, pembeni ya uwanja. Wale wengine wanasoma kutoka ng'ambo. Kuna kipa mmoja alikuwa ananakili kabisa.

— Mnasahau pweza, Kipenga akasema taratibu, nasi tukamgeukia. Alikataza wachezaji wasile pweza siku ya mechi, eti mzito tumboni. Timu inaitwa Ngisi. Ngisi na pweza ni ndugu. Ukimkataa mmoja, huko chini wanaambizana.

Kule chuoni mtu akileta hoja ya namna hiyo, ukumbi wote unazomea. Pale wawili walitikisa kichwa kwa huzuni, kama waliosikia habari ya msiba.

— Naomba niulize, nikasema. Kabla ya mechi ya mwisho mwaka ule, tulikuwa tumeshashuka?

— Bado, akasema Dakika Tisini.

— Tulihitaji nini?

— Sare.

— Kwa hiyo mtu wa mvuke, wa chaki na wa pweza aliwafikisha mahali ambapo sare moja tu ingewatosha, tena winga wake akiwa na plasta ya hospitali mguuni. Mjerumani angewafikisha hapo?

— Na sare hiyo ndiyo aliyoitupa, Winchi akajibu, na safari hii hakuwa na mzaha. Alimweka golikipa wa akiba acheze mshambuliaji. Golikipa, dada yangu. Mpira ukija anaudaka. Mazoea. Kadi nyekundu kabla ya mapumziko.

Mechi ilichezwa Lindi, mimi nilikuwa kidato cha tatu, na nyumbani baba hakuitaja hata mara moja. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile hapiti mtaa huu. Akienda sokoni anazunguka mbali, na akiulizwa anasema anatembea kwa ajili ya afya.

Mchoraji akafika na ndoo zake za rangi. Aliitwa Paulo, mtu wa Masasi, na habari za Ngisi hakuzijua.

— Hawa makocha ni wangapi?

— Wawili, akasema Kipenga.

— Watatu, nikasema.

— Huyo wa tatu hakutaka kahawa yetu, Kipenga akamweleza, akimpa kikombe. Hapa, kijana, tunapanga kikosi, tunampelekea kocha na kahawa. Akinywa, ndicho kinachocheza. Yeye akajiona anajua zaidi. Mwisho akamweka golikipa mbele, tukashuka.

Paulo akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Golikipa? Alifikiria nini?

— Urefu, akasema Dakika Tisini haraka. Yule alikuwa mrefu kama mnara wa simu. Krosi zote zingekuwa zake. Tulipiga hesabu hapa hapa, tukaona...

Winchi alikuwa anamtazama.

— Mliona? Paulo akauliza, bila ubaya wowote. Kwani siku hiyo alikunywa?

Dakika Tisini akaokota spana. Winchi akakumbuka kutazama upande wa bandari. Mzee Kipenga akakipuliza kikombe ambacho kilikuwa kimepoa zamani.

— Viongozi walimbana, akasema mwishowe. Sisi tulisema kama kikosi si chetu, mashabiki hatupandi gari kwenda Lindi. Akanywa.

— Basi golikipa nani alimweka mbele?

Kwa mara ya kwanza tangu nilijue benchi hili, methali ziliwaishia wote kwa pamoja.

— Mchore Mzee Kipenga, nikamwambia Paulo. Na hawa wawili pembeni yake. Chini andika 2001.

— Usitutie aibu, binti Erasto.

— Aibu ni yenu, Mzee. Mliiweka nyumbani kwetu Chuno miaka mitano, na baba akaitunza bila kusema kitu. Leo kaichukueni.

Paulo akapima ukuta kwa kiganja.

— Nafasi ya makocha watatu ipo. Picha ya huyo wa tatu mnayo?

— Iko sebuleni kwetu.

— Kailete basi, mwanangu, akasema Kipenga, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Siileti. Kaiombeni kwake. Yupo, anasahihisha mitihani.

— Tutamwambia nini? akauliza Dakika Tisini.

— Anzeni na hodi.

Wakatazamana. Kipenga ndiye aliyesimama wa kwanza. Akafunga kifungo cha juu cha shati kama mtu anayekwenda kuposa, akapiga hatua mbili, akasimama.

— Nyumba yenu ni ipi hasa?

Misimu yote ile walimtuma muuza kahawa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika.

Nikawaelekeza. Sikuwasindikiza.