Samaki wa Mama Bahati Hakuwa na Sumu

Saa nane na dakika kumi mchana, ndugu zangu, ndipo kifua changu kilipobanwa. Bwana asifiwe kwamba leo nasimulia mwenyewe hapa kanisani!

Mnanijua: mimi ni fundi wa vinu vya kusagia mihogo hapa Bunia. Ilikuwa wakati wa vita, mji umekatwa kwa vizuizi. Jirani yangu Mama Bahati, mjane, ndiye pekee wa kabila la upande mwingine aliyebaki mtaani kwetu. Mchana huo alinipa sahani ya samaki. Nilimla, na kabla sijanawa mikono nilianguka kando ya mota ya kinu, jasho baridi likinitoka, maumivu yakipanda hadi kwenye taya na kushuka mkono wa kushoto.

Mdogo wangu Dieudonné alipiga kelele, "Alimutilia sumu mu samaki! Mulete ule muke!"

Ndugu zangu, siku zile neno hilo lilitosha kumuua mtu. Vijana walimburuta Mama Bahati hadi kinuni. Shangazi yangu naye alishaanza kukoroga majani ya kunitapisha.

Mungu hakuchelewa! Kwenye foleni ya kusaga alikuwepo Mama Jeanne, muuguzi aliyekimbia mapigano ya Komanda. Aliweka beseni lake chini, akapenya kati ya watu.

"Papa, uchungu hii ilianza leo?"

Nilikusanya pumzi. "Hapana. Tangu juzi, nikizungusha manivela ya kuwashia mota. Nikipumzika, inaenda."

"Munasikia? Juzi alikuwa hajakula ile samaki. Ni moyo inakosa damu!"

"Weye unamutetea ule muke sababu gani?" kijana mmoja akamfokea.

"Basi mutuue wote wawili, lakini muniache kwanza nimalize kazi!"

Vijana wakamwachia Mama Bahati. Mama Jeanne alinitafunisha aspirini aliyokuwa nayo, akakataza nisitapishwe wala nisisimame.

Vijana wale wale ndio walionisukuma kwa mkokoteni hadi hospitali. Mama Bahati alinishika kichwa, akiwakemea njia nzima: "Pole pole na mashimo, weye! Munataka kumuua kweli, kisha museme ni mimi?" Dieudonné alicheka, halafu akalia.

Hospitalini nilipewa pia vidonge vya kupunguza mbio za moyo. Mama Jeanne alinieleza, nami nikaelewa kifundi. Mshipa unaolisha moyo ulikuwa umeziba karibu wote, kama bomba la mazuti, dizeli ya mota, lililojaa uchafu. Aspirini huzuia donge la damu lisikue. Vile vingine huupunguzia moyo mzigo, ili damu kidogo inayopita iutoshe na nyama yake isife. Hata mota isiyopata mazuti vizuri, unaipunguzia mzigo kwanza.

Moyo wangu una kovu, lakini unafanya kazi, na nimeridhika. Ndugu zangu, mwaminini Mungu! Huponya kwa maombi, huponya kwa kidonge, na siku ile aliponya watu wawili kwa pamoja. Kifua kikibana, mtafuteni muuguzi kabla ya kumtafuta mtu wa kumshtaki.

Mama Bahati, simama watu wakuone.